Mshenga wa Besiboli

Tumemzika Mjomba Shabani, nami nimechoka. Si kilio peke yake kilichonichosha. Nimechoka na masufuria, na simu, na kuulizwa na kila anayeingia kama marehemu aliugua muda mrefu, na kupanda na kushuka ngazi za nyumba ya Mama hapa Germantown nikiwa na masinia mikononi, na magoti yangu si ya msichana tena. Lakini kilichonichosha zaidi ni hadithi moja. Kila kundi la wafiwa na majirani likishakaa, likishasoma Fatiha, likishapewa chai, hakosi mtu wa kusema, "Jamani, mnaikumbuka ile ya simu ya besiboli?" Basi watu wanaanza kucheka kabla haijasimuliwa, hata wale ambao mwaka ule walikuwa bado hawajafika Marekani. Msibani watu hucheka, sio vibaya, na marehemu mwenyewe alipenda utani. Bingwa wa kuisimulia ni Kimani, Mkenya aliyeendesha teksi pamoja na Mjomba, na kila mwaka anaiongezea kitu. Safari hii nikasema ngoja niiandike mwenyewe. Nilikuwapo, na mwisho wake Kimani hakuujua miaka yote hii. Hata mimi nimeujua juzi tu.

Habari za ukoo nitaziruka, zina wenyewe. Inatosha kusema kwamba mwaka ule tulikuwa wanne nyumbani: Mama, aliyefanya kazi ya kutunza wazee, kuwaogesha na kuwageuza kitandani, Mjomba Shabani, kaka yake, aliyekaa chini kwenye besimenti na redio yake, mimi Mwajuma, na mdogo wangu Selemani, ambaye sisi tulimwita Sele na Wamarekani wakamwita Sal, akiwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Sele alikuwa wa mkono wa kushoto, ule ule ambao Mama aliupiga kofi kila ulipogusa chakula, na mkono ule ulikuwa unarusha mpira wa besiboli kwa kasi ambayo watu walikuwa wanakuja kutoka majimbo mengine kuitazama. Sisi wengine mchezo huo hatukuujua. Mama alidhani aliyeshika gongo ndiye mwenye mpira, na mpaka leo hajaridhika na maelezo. Lakini kocha alikuja nyumbani akatukalisha chini, akatueleza kwamba huku vilabu vikubwa huchagua vijana mara moja kwa mwaka, wenyewe wanaita draft, kwa zamu, kila klabu ikitaja jina lake, na kwamba kijana wetu anaweza kutajwa. Akitajwa, akakubali, wanamchukua na kumlipa. Mama aliposikia vile aliangalia mikono yake, na nikajua kazi ya kugeuza wazee ameshaiacha moyoni.

Mimi nilikuwa nimeanza chuo. Nikaacha, kwa muda tu tulisema, kwa sababu mtu wa kumpeleka Sele mazoezini na kwenye mashindano ya Virginia hakuwapo, na Mama zamu zake hazikuwa na huruma. Tulikubaliana jikoni, tukimenya viazi: Sele akichaguliwa, mimi narudi chuo na Mama anapumzika. Sele alikuwa amekaa pale pale mezani anakula, na sikumbuki kama kuna aliyemuuliza. Basi mwaka ule niliuishi ndani ya gari, kwenye foleni za barabara kuu, nyuma kuna ndoo ya mipira na harufu ya soksi. Viwanjani niliwajua wasaka vipaji kwa viti vyao vya kukunja na vile vidude vya kupimia kasi walivyomwelekezea mdogo wangu kila aliporusha. Nilikuwa nakaa karibu nao makusudi, nisikilize. Walimjadili bila kujali kama kuna ndugu yake karibu. Mabega mazuri. Nyonga bado. Mkono wa kushoto hauchakai haraka, mmoja akasema. Mwingine akacheka akasema yote yanachakaa, suala ni lini, na akaendelea kula karanga. Hao ndio walikuwa wataalamu, na kusema kweli nilivyowasikiliza mwaka mzima sikuwahi kusikia wawili wanakubaliana kuhusu kijana mmoja.

Sasa Mjomba Shabani. Ili uelewe kicheko cha watu lazima umjue yeye alikuwa nani. Mjomba alikuwa mshenga. Kazi yake ilikuwa teksi, lakini heshima yake ilikuwa ushenga, na kuanzia Temple Hills mpaka Columbia, Watanzania, Wakongo wa Uvira, Waislamu na Wakristo, ukiwa na kijana anataka kuoa au binti anayeposwa, ulimpigia Shabani. Alijua nani akae wapi, nani aanze kusema, neno gani lisemwe wakati gani. Alikuwa na koti lake la kijivu la kuvaa juu ya kanzu kwa shughuli hiyo tu. Na alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja: posa haijibiwi siku ile ile. "Ukijibu leo," alikuwa akisema, "watadhani binti alikuwa anawangojea mlangoni na begi lake." Hata kama nyumba nzima inamtaka kijana, hata kama bibi harusi anajifungia chumbani akichekea mto, jibu ni lile lile: tumewasikia, tutakaa kama familia, tutawapa majibu. Kwa hiyo kocha aliposema kuna mtu wa klabu anataka kuja nyumbani kuongea na wazazi, Mjomba alishuka zake chini, akarudi amevaa koti la kijivu.

Mtu mwenyewe aliitwa Hollis, mzee wa Kizungu, shingo nyekundu kwa jua, mpole, viatu vina udongo wa viwanjani. Mama alipika pilau na sambusa kama wanakuja wakwe. Hollis akakaribishwa, akakaa, akala kwa mkono alipoona wenzake wanakula kwa mkono, na hilo likampa alama kwa Mama. Halafu akatoa maswali yake: baba wa kijana ana urefu gani, kijana aliwahi kuvunjika, analala saa ngapi, ana hasira? Mjomba akamjibu yote kwa adabu, kisha akasema kwa Kiingereza chake kile cha kupigwa pasi, "Na sisi tuna yetu." Akamuuliza kijana atalala wapi. Atapikiwa na nani. Ramadhani mtamfanyaje. Nani mkubwa wake huko, wa kumkanya. Hollis akawa anajibu huku anatabasamu, nadhani alikuwa anafurahia. Ndipo Mjomba akauliza, "Na akiumia, nani atakayemrudisha mpaka mlango huu?"

Hollis akaweka sambusa chini. "Kwa kawaida," akasema, "wanarudi wenyewe."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika. Mjomba alimsogezea mgeni pilipili. Baadaye Hollis aliuliza swali lililomleta, yaani tukimtaja kijana wenu, atakubali? Na Mjomba, usoni hana hata dalili ya haraka, akamwambia leo tumekaribishana tu, Bwana Hollis, mambo mengine yana siku yake. Mama alimkanyaga mguu chini ya meza. Mjomba akasogeza mguu. Mgeni alipoondoka Mama akawaka, "Kaka, hawa si watu wa kwetu Ujiji! Hawa wana haraka!" Mjomba akavua koti, akalitundika. "Mwenye haraka na mtoto wa watu mwogope," akasema, akashuka kwenye redio yake.

Kulikuwa na kijana mwingine ambaye Kimani huwa hamtaji kabisa kwenye hadithi yake. Alikuwa anaitwa Dante, mrushaji wa shule ile ile, mwaka mmoja mbele ya Sele. Yeye alishachaguliwa kiangazi kilichotangulia. Shule ilimpigia makofi, picha yake ikabandikwa ukumbini, akaenda. Ilipofika majira ya kuchipua, siku ya baridi ya Aprili, akagonga mlango wetu, mkono wa kulia umefungwa vyuma kuanzia begani mpaka kwenye kiganja, amekuja na basi. Walikuwa wamempasua kiwiko. Mama alimkatia nyama vipande vidogo vidogo kama anavyowafanyia wazee wake, naye akala kwa mkono wa kushoto, anamwaga wali, anaomba radhi. Alikuwa mtoto mchangamfu sana zamani, anaweza kukuchekesha mpaka ukamfukuza. Siku ile aliongea polepole. Nikawasikia na Sele wakati naosha vyombo. Alisema kule wanakaa vijana wengi kwenye nyumba moja, wote wanarusha kwa kasi, wote waliwahi kubandikwa ukumbini, na kila asubuhi unaangalia kitanda cha nani kimetandikwa, maana yake kaondolewa. Alisema makocha walikuwa hawajashika jina lake alipoumia. "Sasa wanalijua?" Sele akauliza. Dante akacheka, akasema sasa wanajua kiwiko.

Nilimwonea huruma, lakini nitakuwa mwongo nikisema nilifikiri zaidi ya hapo. Nilifikiri, masikini Dante, bahati mbaya. Sele hatapata hiyo. Mama naye alisema hivyo hivyo, kwamba kila mtu na riziki yake, na kesho yake akawasimulia wazee wake wote kazini kwamba mwanawe atasikika kwenye kompyuta mwezi wa sita. Mama Furaha, jirani yetu kutoka Uvira, akaanza kumfanyia Sele ibada ya maombi nyumbani kwake na wenzake wa kanisani, ingawa sisi ni Waislamu. "Mungu iko moja, Mama Mwaju," alisema, "na mtoto ule ni wetu shiye bote." Alikuwa mtoto wetu sote kweli. Msikitini walimwombea, kanisani walimwombea, na madereva wa teksi walishaanza kubishana Sele akitajirika atamnunulia nani gari. Yeye alikuwa anaenda mazoezini, anarudi, anakula, anapanda kulala. Ukimuuliza kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, "Niko sawa."

Siku ya uchaguzi nyumba ilijaa. Siku hizo hakukuwa na televisheni ya mambo hayo kwa vijana wa kawaida. Ulikuwa unasikiliza kwenye kompyuta, sauti ya mtu mmoja mchovu anasoma majina, klabu hii, jina hili, klabu ile, jina lile, bila hata kupumua. Tuliiweka kompyuta juu ya meza ya chakula. Kocha alikuwapo, ametoka jasho. Kimani alikuwapo. Mama Furaha alileta sombe, kisamvu cha kwao, na samaki. Mama alikuwa amevaa gauni lake la Idi. Dante naye alikuja, akakaa kwenye kiti karibu na ngazi za kushuka chini na mkono wake wa vyuma. Mjomba alikuwa amevaa koti la kijivu, na simu ilikuwa kwake, maana nambari iliyopewa klabu ilikuwa yake. Hilo lilikubaliwa tangu mwanzo, mshenga ndiye mwenye kusema. Sele alikaa katikati ya watu wote kwenye kochi. Majina yakasomwa mpaka tukachoka kuyasikiliza, watu wakaanza kula, Mama Furaha akaanza wimbo na wenzake wakaupokea.

Simu ikalia. Mjomba akaitazama, akainua mkono nyumba ikanyamaza, akaelekea kwenye ngazi za besimenti kwa sababu ya kelele za kompyuta, na Sele akainuka akamfuata. Mlango ukarudishwa nusu. Mimi nilikuwa jikoni, hatua chache tu, nimeshika mwiko. Nilimsikia Mjomba akisema ndiyo, ndiyo Bwana Hollis, naelewa. Kikapita kimya. Nilidhani anasikiliza. Halafu nikamsikia kwa sauti kubwa, sauti ya shughuli, kwa Kiingereza: "Tumewasikia, bwana. Tutakaa kama familia, na tutawapa majibu."

Alitoka uso umenyooka, Sele nyuma yake ameinamisha kichwa. "Wamekuja," akatangaza. "Wanamtaka. Zamu yao inayofuata."

Nyumba ililipuka. Vigelegele, Mama Furaha analia, Kimani amembeba mtu mwingine kwa furaha badala ya Sele. Kocha peke yake ndiye aliyeuliza umewajibu nini. Mjomba akamwambia. Kocha akamtazama kama hajamsikia vizuri, akamwomba arudie, akarudia neno kwa neno, kwa fahari. "Umewaambia wasubiri?" kocha akapiga kelele. "Wana dakika moja! Piga! Wapigie sasa hivi!" Mjomba akaanza kutafuta miwani. Akaipata mfukoni, akaipangusa kwa upindo wa kanzu, akaanza kubonyeza ile simu kwa kidole kimoja, akakosea, akaanza tena. Kompyuta ikaendelea kusoma. Ikafika klabu ya Hollis, ikataja jina la kijana wa Texas. Halafu ikataja klabu nyingine na jina jingine, na mwiko ulikuwa bado uko mkononi mwangu.

Hapo ndipo Kimani hupata kicheko chake kikubwa. "Buda akasema, tutawapa majibu!" husema kwa Kiswahili chao cha mtaani, buda maana yake mzee, akipiga goti. "Wasee wa draft, eti wasubiri mahari!" Na sehemu ya pili ni tamu zaidi kwao. Kesho yake Mjomba aliitisha kikao. Tulikaa kweli, kama familia, sebuleni, yeye kavaa koti. Akamuuliza Mama, akaniuliza mimi, na sote tulikuwa tumevimba macho tukasema tunakubali, hata hatukujua tunamjibu kwa nini. Akapiga simu mbele yetu, akaiweka watu wote wasikie, akasema, "Bwana Hollis, familia imekaa. Tumekubali." Kisha Hollis akasema taratibu, "Mheshimiwa, imeshakwisha." Mjomba akashika kidevu. "Kumbe!" akasema. "Hata siku moja haijapita." Mama aliinuka akaenda chumbani. Hakumsemesha kaka yake mpaka mwezi mwingine ulipoandama, na wakati ule nilimwona ana haki, maana mimi ndiye niliyekuwa nasikia anavyoamka alfajiri akivaa viatu vya kazi na kusema "Ya Rabi" kila kiatu.

Hollis alikuja tena, hakuitwa. Alisema alikuwa anapita, lakini hakuna mtu anayepita Germantown. Mjomba akampa chai. Mama alikuwa kazini, Sele alikuwa amekaa kwenye ngazi. Mjomba akamuuliza swali ambalo sote tulikuwa tunalitaka: je, tumepoteza? Mzee yule akazungusha kikombe. Akasema amefanya kazi hii maisha yake yote, amekaa kwenye sebule nyingi, ameapa kwamba kijana huyu atafika juu, kijana akaishia kuuza matairi, na yule ambaye hakumjali hata kumwandika ndiye anayemwona kwenye televisheni. Akasema, "Sijui. Nikikwambia najua, nifukuze." Mjomba akamwambia, "Sasa kazi yako ni ipi, bwana?" Nilidhani atakasirika. Hollis akacheka mpaka akakohoa, akasema mke wake alikuwa anamuuliza hivyo hivyo. Wakasindikizana mpaka kwenye gari, wakasimama kule nje muda mrefu, wazee wawili, wakapeana mikono. Sijui waliongea nini.

Basi maisha yakaendelea, kama yanavyoendelea. Sele alienda chuo, akarusha mpira misimu miwili, akawa mzuri, kisha akawa wa kawaida, kisha akaacha. Sasa anafundisha hesabu Baltimore, ana watoto. Mimi nilirudi chuo nimechelewa, nikamaliza nimechelewa. Yule kijana wa Texas nilimfuatilia kwa miaka mingi, kama mke mkubwa anavyomfuatilia mdogo. Alizunguka kwenye vilabu vidogo, akaumwa bega, jina likapotea. Dante mkono wake ulipona, akarudi, haukuwa ule tena. Ungenisimamisha barabarani ukaniuliza kama Sele angechaguliwa siku ile angefika wapi, nisingekuwa na la kukujibu. Lakini kwa Mjomba jibu lilishapatikana, na lilikuwa kicheko. Hadithi ilisambaa mpaka Temple Hills, alikohamia baadaye, na watu ni watu. Wakaanza kusema, aa, Shabani? Usimpe posa yako, atawaambia wasubiri mpaka binti azeeke. Ilianza kama utani. Kisha simu zikapungua, kisha zikakoma. Hata mimi nilipokuja kuposwa, Mama alimtafuta mtu mwingine wa kupokea wageni, na Mjomba wangu mwenyewe akakaa karibu na mlango na kikombe cha chai kama jirani aliyealikwa. Alipokea mzaha wote. Alikuwa anacheka na wao.

Juzi, alasiri, nyumba imejaa tena, Kimani alikuwa sebuleni anaisimulia kwa vijana wapya waliokuja na watu wa msikiti wa Temple Hills. Nilikuwa jikoni naosha masinia. Sele akaingia, akafunga mlango, akasimama akiegemea friji. Akaongea Kiswahili, na hilo tu likanifanya nifunge bomba.

"Dada, Mjomba aliniuliza."

"Alikuuliza nini?"

"Siku ile. Pale kwenye ngazi. Alifunika simu na kiganja, akaniambia, 'Mjomba, hawa wanataka jibu sasa hivi. Unataka kwenda?'" Akachukua sinia, akaanza kulifuta. "Nikatikisa kichwa. Hata hapana sikuweza kusema. Nilikuwa nalia."

Nilimuuliza kama mkono ulikuwa unauma. Akasema mkono ulikuwa mzima kabisa, aliogopa tu. Alikuwa ametoka kumwangalia Dante pale kwenye kiti. "Sasa si ungesema!" nikamwambia, na sauti ilinipanda kuliko nilivyotaka. "Ungetuambia hutaki!"

"Ningemwambia nani, Dada? Mama alishawaambia wale wazee wake wote. Wewe ulishaacha shule. Watu walikuwa wanaimba mle ndani. Wote mlikuwa mmepanda juu ya bega langu, nani ningemshusha?" Akajifuta uso kwa kiwiko, mwanamume mzima. "Mjomba akaniambia, 'Futa machozi, inamisha kichwa, kaa nyuma yangu. Hili niachie mimi, mjumbe hauawi.' Halafu ndiyo akawaambia yale maneno."

"Na kikao? Na simu ya kesho yake?"

"Alijua imekwisha. Alisema tusipofanya kikao Mama atakaa kuuliza kwa nini aliwaambia wasubiri."

Nikakaa kwenye ndoo ya mchele. Nilimwona Mjomba akiipangusa ile miwani, na mbele ya kocha anabonyeza nambari kwa kidole kimoja, anakosea, yeye aliyepiga simu za abiria kutwa nzima kwa miaka. Nikamuuliza Sele kama alijuta. Akasema mwaka wa kwanza alijuta, mwaka wa pili akashukuru, mpaka leo inategemea siku. Alitaka kusema mara nyingi, hasa posa zilipokoma, na kila alipomwendea Mjomba alimwambia nyamaza, wewe bado una maisha ya kuishi na hawa watu, mimi wameshanizoea. Nilimkasirikia mdogo wangu sana pale jikoni. Na nilimwonea huruma, na nilitamani Mjomba angekuwa hai hata kwa saa moja nimwamkie vizuri. Sebuleni Kimani alikuwa amefika kwenye mahari, watu wanacheka.

Sele akafungua mlango, akatoka. Alisimama katikati ya zulia, akamwambia, "Shikamoo, Mzee Kimani. Samahani. Mimi ndiye niliyekataa. Mjomba aliniuliza, nikakataa, akaibeba yeye." Akaieleza yote, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, mbele ya wanaume wote, na mlango wa wanawake ulikuwa wazi. Kimani alibaki amekunja mkono wa simu sikioni, kama alivyokuwa anaigiza. Halafu akaushusha. "Ai, Shabani," akasema. "Na vile nilimchoma na hii hadithi."

Mama alikuwa amekaa kwenye godoro upande wa wanawake, ameegemea ukuta. Siku walipomtoa kaka yake kwenda kumzika hakulia. Nilidhani uzee umemkausha. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, akavuta kanga akajifunika uso, na mabega yakaanza kutikisika. Mama Furaha akamshika. Alilia mpaka alasiri ikaisha, na alipofunua uso wageni wengine walikuwa wanaingia, watu waliotoka kazini, hawajui kilichotokea, wanavua viatu, wanainama kumpa mkono na kumwambia pole. Yeye hakuitikia pole. Aliwashika mkono mmoja mmoja, akawaambia, "Kaka yangu hakuwa mjinga." Nao, bila kujua anasema nini, wakawa wanamjibu, "Hakuwa, Mama, hakuwa," na yeye hawaachii mkono mpaka wameisema.